Pumzi ya Nani?



Jamaa zetu wa Ras al Hadd walipokaribia kuoza, tulipewa kazi ambayo hatukuisomea. Mhandisi katika ukoo wetu ni mtu wa kila kitu. Kiyoyozi kikigoma anaitwa, pampu ya maji ikinguruma anaitwa, na safari hii tuliitwa kwa ajili ya tarumbeta. Vijana walikuwa wameshatunga nyimbo za harusi na kuzirikodi kwenye kompyuta, sauti ya mwimbaji imetumwa kutoka Unguja, fidla imetumwa na binamu aliyeko Uingereza, na kilichobaki kilikuwa beni. Bibi harusi alitaka beni. Zanzibar amekwenda mara mbili tu maishani mwake, lakini aliiona beni ikipita mitaa ya Ng'ambo na umma wa watoto nyuma yake, na tangu siku hiyo hakubali kwamba harusi ni harusi bila ya tromboni. Kuwaleta wapigaji kutoka Unguja, kwa tiketi zao na viza zao na mizigo yao, ni fedha ambazo familia haina. Vijana wakasema: siku hizi zipo programu. Mjomba, tuchagulie wewe.

Tuseme mapema kwamba wapo wasomaji wetu ambao kwao suala lote hili linakwisha pale pale kwenye neno tarumbeta, na hawataki kusikia zaidi. Tunawaheshimu, na hatukukusudia kubishana nao hapa. Tunazungumza na wale ambao nyumbani kwao beni imeshapita, wakafungua dirisha.

Kwanza tueleze kazi yenyewe, maana ndani yake ndimo lilimotoka swali.

Mtu akitaka sauti ya tarumbeta bila ya mpigaji ana njia tatu. Ya kwanza ni sauti zilizomo ndani ya kinanda cha kawaida. Mwaka 1991 watengenezaji wa vinanda walikubaliana orodha moja ya sauti 128, ambamo tarumbeta ni namba 57, tromboni 58, na kundi zima la ala za shaba ni namba 62. Kila aliyecheza taarabu ya kisasa anaijua namba 62 hata kama hajui kuwa anaijua. Njia ya pili ni sampuli: wapigaji hodari hukaa studio siku nyingi, wakapuliza noti moja moja, kwa upole, kwa wastani, kwa nguvu, fupi, ndefu, ya kuunganisha na ya kukatiza, na kila pumzi ikahifadhiwa peke yake. Mji wa Vienna una kampuni iliyofanya kazi hii tangu mwaka 2000, na nyingine zimefuata London na kwengineko. Njia ya tatu haina sauti iliyorikodiwa hata moja. Ina hesabu tu: milinganyo inayoeleza midomo inavyotetemeka, hewa inavyosukumwa na bomba linavyojibu, na kompyuta huikokotoa papo hapo.

Tulizijaribu zote tatu kwa mwimbo mmoja, kwenye spika zile zile, na tukamwita mama mmoja wa ukoo aliyekulia Malindi, Unguja, asikilize akiwa amefumba macho. Namba 62 alicheka. Sampuli alisema, "Hii ni nzuri, lakini ni ya sinema." Ya hesabu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hawa wamevaa sare gani?" Kwetu sisi hilo lilikuwa jawabu kamili la maabara.

Ukitazama kwa jicho la ufundi, mama yule hakukosea. Katika miaka ya 1960 Mfaransa Jean-Claude Risset, akifanya utafiti Bell Labs huko New Jersey, aliichambua sauti ya tarumbeta kwa kompyuta na akagundua jambo ambalo kila mpigaji analijua mdomoni: tarumbeta ikipulizwa kwa nguvu haiongezi sauti tu, inabadilika rangi, masafa ya juu yanachanua na sauti inang'aa. Ugunduzi huo ulimsaidia John Chowning wa Stanford, na kazi ya Chowning ikaingia ndani ya kinanda cha Yamaha DX7 mwaka 1983. Baadaye, mwaka 1996, watafiti walionyesha kwamba ndani ya bomba la tromboni linalopulizwa kwa ukali wimbi la hewa huchongoka mpaka likawa wimbi la mshtuko, ndugu wa ule mlio wa ndege inayopita kasi ya sauti. Sasa sampuli huhifadhi ngazi chache za nguvu, tatu, nne, labda zaidi, na katikati ya ngazi na ngazi programu huchanganya. Hesabu haina ngazi. Inapanda kama mlima.

Liko na jambo la pili, ambalo kwa watu wetu ni kubwa zaidi. Nyimbo zile zilikuwa za maqamu, na moja ilikuwa Rasti, ambayo noti yake ya tatu haikai kwenye kipande cheupe wala cheusi cha kinanda, inakaa baina yao. Mpigaji wa Vienna hakupuliza noti hiyo, kwa sababu hakuna aliyemwomba. Ukiivuta noti yake kwa nguvu ifike hapo, inafika ikiwa imechoka. Isitoshe tarumbeta za beni ya Unguja nyingi ni kuukuu, zimepondeka, zimetiwa lehemu, na mlio wake una mkwaruzo wake. Programu ya sampuli ilikuwa safi mno. Tulijaribu kuichafua na ikawa kama mtu wa Ulaya aliyevaa kanzu iliyochanwa makusudi.

Basi tukachagua ile ya hesabu. Lakini tulipoipiga kwa vidole kwenye kinanda ilikuwa kama maiti. Kijana mmoja akasoma kwamba inataka kidude cha kupuliza, bomba dogo la plastiki lenye kipimo cha msukumo wa hewa, na kumbe wale waliotunga lugha ya vinanda, MIDI, waliitengea pumzi namba yake mahsusi, namba 2. Tukakiagiza. Na hivyo mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mwenye shahada ya ng'ambo ya mabomba na shinikizo, akajikuta usiku wa manane sebuleni anapuliza mfereji wa plastiki mpaka masikio yanawasha, ili kutoa sauti ya tarumbeta isiyopulizwa na mtu.

Ijumaa iliyofuata tuliendesha hadi Ras al Hadd kuwasikilizisha wazee.

Kwa wasiopajua: Ras al Hadd ni ile pembe ambapo pwani ya Oman inageuka, Bahari ya Oman ikikutana na Bahari ya Arabu, chini ya saa moja kwa gari kutoka Sur. Ina ngome, ina makhori mawili, ina wavuvi, na jirani yake Ras al Jinz kasa hupanda kutaga, pahala palipohifadhiwa kwa sheria tangu 1996. Majahazi ya Sur yaliizunguka pembe hii kwa kaskazi yakienda Lamu, Mombasa na Unguja, na yakaizunguka tena kwa kusi yakirudi. Ndiyo maana ukikaa barazani kule usishangae mzee mwenye dishdasha na fimbo akikwambia "karibu, kaa kitako". Na ndiyo maana katika lewa, ngoma inayochezwa pwani hii, maneno ya Kiswahili yamo mpaka leo, hata midomoni mwa wasiojua maana yake.

Katika lewa kuna zumari na kuna jim. Jim ni kome kubwa la baharini lililotobolewa. Kwetu wengine huliita gunda. Halina noti nyingi, lina moja, na kwa mwenye kifua mbili. Mzee tuliyemwendea, ambaye sisi tunamwita ami ingawa ukoo wenyewe ni wa mbali, amelipuliza jim tangu ujana wake, alipokuwa akitoka na boti usiku. Tukamwekea simu mbele yake, tukampigia beni yetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Kisha akauliza:

"Nani anapuliza?"

Tukamweleza. Kwa hii, ami, hapana mtu, ni hesabu, na pumzi ni yetu sisi kupitia kidude. Akacheka sana kwa kutufikiria sisi na kidude. Tukampigia na ile ya sampuli. "Na huyu?" Huyu ni mtu kweli, tukasema, alipuliza mara moja huko Ulaya, miaka mingi nyuma, na sasa pumzi yake inauzwa.

"Kalipwa?"

Tukasema tunavyofahamu sisi, wapigaji wa kazi hizi kwa kawaida hulipwa ujira wa siku zao, wakaenda zao.

"Na akifa?"

Tukasema akifa ataendelea kupuliza.

Ami alinyamaza. Kisha akasema maneno ambayo tumekuwa nayo tangu siku hiyo. Alisema jim si la kuimba. Jim linaita. Boti ikipotea ndani ya ukungu linaita, ngoma ikianza linaita, na aliyelipuliza watu wanamtazama yeye, kwa sababu ameita na sasa lazima aseme ameitia nini. "Huyu wenu ameita," akasema akiionyesha simu kwa kidole. "Nikimwendea nimkute nani?"

Tulipokuwa tunarudi Sur tulibishana ndani ya gari. Kijana mmoja alisema mzee amechanganya mambo mawili. Baragumu la kuita ni kitu kimoja, na beni ya harusi ni pambo, kama maua na taa, na hakuna anayeuliza nani aliyeyapanda maua. Hoja hiyo ilitupendeza kwa sababu ilitupa ruhusa. Tuliishika siku mbili tatu. Kisha ikatuponyoka, na sababu ni nyepesi: harusi yetu ni tangazo. Nikahi iliyofichwa ina kasoro, na dufu na mashangwi na vigelegele vipo ili mtaa ujue na uwe shahidi. Beni haipiti Ng'ambo kwa ajili ya urembo, inapita ili dada wa jirani aseme kesho, naam, aliolewa, nilisikia. Kwa hivyo tarumbeta ya harusi nayo inaita. Waingereza na Wamarekani huweka muziki ukumbini ili wageni wachangamke. Sisi huutoa nje ili wasiokuwa wageni wapate khabari.

Hoja ya pili ilikuwa ya asili. Binamu yetu wa Uingereza aliandika kwamba programu ni uigizaji, na uigizaji unaua mila. Hapa tuliona haya kidogo kwa niaba yake, kwa sababu beni yenyewe ni nini ikiwa si uigizaji? Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi ya ala za Kizungu, na wapigaji wake walikuwa Wagoa. Manowari na vikosi vya wakoloni vilikuwa na bendi zao. Vijana wa pwani, mwishoni mwa karne ya 19, waliyatazama yale magwaride, wakachukua ngoma na tarumbeta na vyeo na sare, wakayafanya yao, na mashindano ya Marini na Arinoti yakaenea kutoka pwani mpaka bara. Mwanahistoria Terence Ranger aliwaandikia kitabu kizima mwaka 1975. Hakuna tarumbeta ya shaba iliyoota Ng'ambo. Na hapa Oman, Sultan Qaboos alipoanzisha okestra yake mwaka 1985 aliwachukua vijana wa Kiomani wasiojua noti hata moja akawafundisha tangu mwanzo. Waliigiza mpaka wakawa.

Habari za Pate zina kisa kilicho karibu zaidi na chetu. Zinasimulia kwamba Mwana Darini alitaka kumtahiri mwanawe kwa heshima ya ukoo wake, na heshima hiyo haikuwa kamili bila ya siwa. Siwa ya ufalme hakuipata. Hakulia, alimwita fundi, akamchongea siwa nyingine ya pembe ya ndovu. Wenye mamlaka wangeweza kusema ni ya kuigiza, na wasingekosea. Leo siwa ya pembe ya Pate imo makumbusho ya Lamu, ndefu kupita mtu mrefu, pamoja na ndugu yake ya Lamu ya shaba, na hatujamsikia mtu akiiita bandia. Kilichoifanya iwe siwa ni kwamba siku ile ilipulizwa na mtu aliyejulikana, mbele ya watu, kwa ajili ya mtoto aliyejulikana, na mama aliyekubali lawama.

Kwa hiyo tulikwisha kuachana na swali la kwamba ni kweli au ni bandia. Swali letu likawa la ami: nikimwendea nimkute nani?

Na hapa sampuli ilitutia wasiwasi kuliko hesabu, jambo ambalo hatukulitarajia. Tulidhani pumzi ya kweli iliyorikodiwa ina utu zaidi ya milinganyo. Lakini milinganyo haikumchukulia mtu kitu. Ni maarifa, kama maarifa ya kuunda jahazi, na anayeitumia lazima atie pumzi yake mwenyewe, akikosea amekosea yeye. Sampuli ni kipande cha maisha ya mtu, sekunde nne za kifua chake, na kipande hicho kinaita mahali asipopajua kwa jambo asilolijua. Aliuza, ni kweli, na ridhaa yake ni ridhaa. Lakini aliridhia nini? Mtu anayeuza samaki anajua amekwisha muuza. Huyu aliuza siku moja ya kazi, na siku zote alizoweza kuitwa tena baada ya hapo zikaenda kwa bei ile ile. Sisi tuliokaa ugenini, tuliofanya kazi za mikataba, tunaifahamu biashara hiyo vizuri kuliko tunavyopenda kusema.

Hatusemi ni haramu kuzitumia. Jamaa zetu walioko Toronto na Oslo hawana beni wala hawataipata, na mtoto wao kusikia tromboni iliyotoka ndani ya sanduku ni bora kuliko kutosikia. Wala si kweli kwamba kila programu inamnyima mpigaji mkate, maana mahali pengine mpigaji hayupo kabisa. Tunasema tu kwamba Unguja yupo. Wapo wazee na vijana wenye ala zilizotiwa lehemu ambao ujira wao ni harusi, na bei ya programu moja nzuri haifiki tiketi ya mmoja wao. Hesabu hiyo kompyuta huipiga haraka mno, na sisi tuliipiga haraka vile vile. Tungemlipa hata mmoja apige akiwa kule kule na kutuletea rikodi kama alivyofanya mwimbaji, lakini hakuna kati yetu aliyelifikiria hilo mpaka vocha ya programu imeshalipwa. Hilo ni letu, halina wa kumtwika.

Harusi ilikuwa nzuri. Tarumbeta zilitoka kwenye spika, na kijana aliyezipiga alisimama mbele na kidude chake cha plastiki mdomoni, amevaa sare nyekundu aliyoshonewa Sur. Sharti hilo tulilitoa sisi. Watoto walimfuata. Ami alilipuliza jim mwenyewe, mara tatu, na la tatu lilikatika.

Kabla ya hapo, wiki moja nyuma, tulikuwa tumemwomba tumrikodi. Tulisita kumwomba, kwa sababu msomaji ameshaona tulikuwa tunaomba kitu gani. Kituo cha muziki wa jadi cha Oman kimekuwa kikirikodi ngoma za wazee tangu miaka ya 1980, lakini pale ngoma hurikodiwa ikiwa ngoma, na watu wake na vumbi lake. Sisi tulitaka pumzi peke yake. Akakubali kwa sharti moja: isilie pasipo na mtu wa kusimama. Tukamuuliza mtu gani. Akasema mtu yeyote wa kuulizwa. Tukarikodi nyuma ya nyumba yake alasiri, mbali na pwani ya kasa, pumzi kumi na moja kwa ngazi tatu za nguvu, na zote zimeingia upepo kwa sababu Ras al Hadd haina saa isiyo na upepo. Tulizisafisha usiku mmoja. Asubuhi tukazisikiliza, tukarudisha zile chafu.

Mafaili yale yamo ndani ya kompyuta yetu, na hatujampa mtu. Vijana wameomba mara mbili. Mmoja anayo nia njema kabisa, anataka kuyaweka ndani ya programu ili lewa isipotee, na kila hoja yake ni sawa, na bado hatujampa, kwa sababu hatujui namna ya kutia sharti la ami ndani ya faili. Programu ina namba ya nguvu na namba ya pumzi. Namba ya mtu wa kuulizwa haina.

Mwezi uliopita ami alifanyiwa operesheni ya kifua. Amepona, alhamdulillahi, anatembea mpaka msikitini na kurudi, lakini daktari amemkataza kupuliza. Juzi amemtuma mjukuu wake kwetu. Kuna lewa Sur mwisho wa mwezi, na anauliza kama zile kumi na moja bado zipo, na spika yetu ni kubwa kiasi gani. Tumemjibu kwamba zipo, upepo na vyote. Atakuja nayo kiti chake, amesema, maana kusimama muda mrefu hawezi.